Juu ya Mti na Bunduki Isiyo ya Msimu

Miaka michache iliyopita, mwezi wa pili, nilikaa juu ya mti kwa muda wa saa mbili na nusu.

Chini yangu alikuwepo nguruwe pori jike na wanawe saba. Mikononi nilikuwa na bunduki mpya ya kuulia kulungu, yenye darubini, imejaa risasi.

Na sikupiga.

Mnacheka? Chekeni tu. Hata mimi sasa hivi nacheka, ila siku ile nilikuwa nalia machozi kabisa, mtu mzima na ndevu zangu.

Naitwa Talmadge, fundi wa matrekta huku kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani. Nilikuwa na mchumba wangu, Darla. Na Darla ana baba. Hapo ndipo kasheshe lilipoanzia.

Mzee Hollis Crumbley hakuwahi kunipenda. Niliwahi kumtengenezea trekta lake, nikamaliza, likawaka vizuri tu, ila chini ikabaki bolti moja ambayo sikujua imetoka wapi. Tangu siku hiyo jina langu likawa Bolti. Hata kanisani ananitambulisha hivyo hivyo.

Siku nilipokwenda kumwomba binti yake rasmi, ilikuwa Jumapili, tuko mezani, ukoo mzima unatafuna kuku wa kukaanga. Mzee akaweka uma chini.

"Jumamosi natimiza miaka sabini," akasema. "Nataka nguruwe pori mzima kwenye shimo la makaa. Atakayemleta huyo nguruwe, neno lake kuhusu harusi hii ndilo la mwisho. Nikimleta mimi, harusi hamna. Umenielewa, Bolti?"

"Nimekuelewa, mzee wangu."

"Ijumaa tunakwenda wawili, msitu wa serikali, ng'ambo ya mto. Kila mtu na bunduki yake."

Darla akanifinya paja chini ya meza. Mimi nikadhani ni mahaba. Kumbe ananionya!

Sasa nisikilizeni vizuri. Nguruwe pori huku kwetu ni balaa. Unalala una shamba, unaamka una mahandaki. Kwa hiyo kwenye ardhi yako mwenyewe unampiga kwa bunduki unayotaka, mwezi unaotaka, hakuna anayekuuliza. Mimi nimekulia hivyo. Kichwani mwangu nguruwe ni nguruwe, bunduki ni bunduki, habari imeisha.

Nikaenda dukani nikachukua bunduki ya maana. Aisee, ile bunduki ukiishika unajiona mrefu.

Ijumaa asubuhi tukakutana kwenye geti la msitu. Pale kuna ubao, kuna karatasi ya kusaini kabla ya kuingia, na kuna kisanduku chenye vijitabu vya kanuni za uwindaji, unachukua bure.

Mzee akashuka kwenye gari lake na kabunduki. Nasema kabunduki. Kale kadogo kabisa, ka kuwindia kindi, risasi zake utadhani punje za ngano.

Nikashindwa kujizuia. "Mzee wangu, leo tunawinda nguruwe au tunawinda panya?"

Mzee akatabasamu. Jamani, nilikuwa nimemjua yule mzee miaka mitatu na meno yake sijawahi kuyaona. Hapo tu ningegeuza gari nirudi nyumbani.

"Kila mtu na bunduki yake," akasema. "Chukua kijitabu, Bolti."

"Cha nini? Mimi najua kulenga."

"Chukua tu. Hata cha kufutia mikono."

Nikakitia mfukoni. Nikasaini jina langu kwenye karatasi, nikampa kalamu. Akaikataa kwa mkono.

"Mimi nawinda humu tangu baba yako hajaota ndevu. Sheria zote ziko hapa." Akagonga kichwa chake kwa kidole, akapita zake.

Tukaachana njiani. Yeye akaelekea mtoni, mimi nikaingia upande wa bwawani.

Sikutembea hata nusu saa. Nikasikia kukoroma. Nikachungulia, nikaona watoto wa nguruwe wanachimba matope. Moyo ukaruka kwa furaha. Nikasema leo Mzee Hollis ataniita mwanangu.

Nikasahau kwamba watoto wana mama.

Mama alikuwa nyuma yangu.

Nyie, acheni kabisa. Sijui nilipandaje ule mti. Ninachokumbuka, nilikuwa chini, halafu nikawa juu, na kiatu kimoja kimebaki kwa yule mama anakitafuna.

Nikatulia kwenye tawi. Nikapumua. Nikasema, sawa, kumbe imekuwa rahisi. Yuko hapo chini, mkubwa kama pipa, hatua nne tu. Nampiga, nashuka, naoa.

Lakini kwanza nikampigia Darla. Si unajua, mtu unataka mpenzi wako asikie ushindi moja kwa moja.

"Mama watoto! Nguruwe ninaye hapa chini ya mti! Sikiliza mlio!"

"Tal, ngoja. Umeshika bunduki gani?"

"Ile mpya."

"Ile kubwa?"

"Kubwa haswa!"

Akashusha pumzi mpaka nikaisikia.

"Talmadge, toa kidole chako kwenye kifyatulio. Sasa hivi. Una kijitabu?"

"Ninacho mfukoni."

"Fungua ukurasa wa arobaini na moja. Soma kwa sauti."

Nikasoma, nimening'inia kama popo. Kinasema hivi: kwenye msitu wa umma nguruwe pori hana msimu wake mwenyewe. Unamwinda ndani ya msimu wa mnyama mwingine, na kwa silaha ya msimu huo peke yake. Msimu wa upinde, ni upinde. Msimu wa kulungu kwa bunduki, ndiyo unakuja na likubwa lako.

"Msimu wa kulungu umefungwa lini?" Darla akaniuliza.

"Mwezi wa kwanza."

"Na sasa hivi ni msimu wa nini?"

Nikatafuta kwenye jedwali. Jasho likanitoka, na ilikuwa baridi.

"Wa... wanyama wadogo. Kindi na sungura."

"Kwa hiyo bunduki inayoruhusiwa leo ni ipi?"

Nilikuwa namwona mzee na kale kabunduki kake na yale meno.

"Darla, baba yako alijua."

"Baba hicho kitabu anakijua kuliko nyimbo za kanisani. Kwa nini unadhani amechagua msitu wa serikali, na mwezi wa pili? Mimi si nilikufinya?" Akakatisha. "Ngoja, mbwa wanabweka sana huku nyuma ya nyumba, kwenye miti ya njugu za pekani. Nakupigia baadaye."

Hakupiga.

Nikabaki mimi, nguruwe, na shetani. Shetani akaniambia: piga, nani atakuona? Msitu mzima huu mko wawili. Ukipiga unaoa, usipopiga mzee anapita na kabunduki kake, anachukua nguruwe wake, na Darla ndiyo basi tena.

Kwa kweli nililenga. Nisiwadanganye. Nilimweka katikati ya darubini, kidole kikarudi palepale.

Halafu nikawaza: nikipiga, nitakaa kwenye meza ya yule mzee miaka yote, kila akikata nyama ananiangalia, na mimi najua na yeye anajua. Nikashusha mtutu. Uchungu niliousikia, acha tu. Hapo ndipo nililia.

Nyuma ya kijitabu kuna namba ya askari wa wanyamapori. Nikapiga.

Akapokea mwanamke. "Afande Yancey, nikusaidie nini?"

"Afande, nataka kuripoti mtu anawinda nguruwe kwenye msitu wa umma na bunduki ya kulungu."

"Yuko wapi sasa?"

"Bwawani. Juu ya mti."

"Unamwona vizuri?"

"Afande, ni mimi."

Nikasikia kitu kama mtu amepaliwa na kahawa.

Alikuja na gari lake, akapiga honi mpaka yule nguruwe akakusanya wanawe wakaondoka bila haraka yoyote. Nikashuka na soksi moja imetoboka. Akaitoa risasi bunduki yangu, akatoa kitabu chake, akaanza kuandika.

"Kwa kuwa umejiripoti mwenyewe, bunduki unarudi nayo," akasema. "Lakini faini iko palepale."

"Sawa, afande."

Mzee Hollis naye akatokea vichakani, kafuata honi. Mikono mitupu, hajaona hata mkia. Lakini furaha aliyokuwa nayo!

"Pole sana, Bolti! Nilikwambia chukua kijitabu! Afande, vijana wa siku hizi hawasomi, wanapenda makubwa tu..."

Afande Yancey akafungua karatasi aliyoichukua getini. Akaipitia juu mpaka chini.

"Mzee Crumbley, mbona jina lako silioni humu?"

"Jina gani?"

"La kusaini kuingia. Naliona la Talmadge peke yake."

Mzee akaniangalia mimi, nikaangalia juu, eti natazama ndege.

"Nawinda humu miaka arobaini!" akapayuka.

"Basi miaka arobaini unalijua geti," afande akasema, akafunua ukurasa mpya.

Tukarudi nyumbani, yeye na gari lake mbele, mimi nyuma. Tulipofika uani, wote tukafunga breki.

Nguruwe dume mkubwa alikuwa ananing'inia kwenye beleshi la trekta, lile lile trekta la bolti, ameshapasuliwa tumbo. Darla amekaa kwenye ngazi za baraza, bunduki kubwa ya baba yake imelala magotini. Wale mbwa hawakubweka bure.

"Mmechelewa," akasema. "Mmeleta nini?"

Mimi na mzee tukatoa karatasi zetu za faini kwa pamoja. Darla akazisoma zote mbili, akauma mdomo asicheke.

"Umempiga na bunduki hiyo?" mzee akauliza kwa sauti ndogo.

"Hii hii. Hapa ni kwetu, baba, si msitu wa serikali." Akasimama. "Halafu baba, Jumapili ulisema nani ana neno la mwisho?"

Mzee akamwangalia mbwa. Mbwa akaangalia pembeni.

"Atakayemleta nguruwe," akasema.

"Basi harusi mwezi wa tano. Tal, leta kisu, na uvae kiatu."

Leo zile faini mbili ziko kwenye fremu sebuleni kwetu, Darla kazitundika sambamba na picha ya harusi.

Nawe unayesoma hapa, kama una bunduki mpya inakuwasha mkono, kwanza uliza unakanyaga ardhi ya nani na ni msimu wa mnyama gani. Kile kijitabu ni cha bure. Mti niliopanda mimi haukuwa wa bure.

Siku hizi nawinda na mzee kila mwezi wa pili, kila mtu na kabunduki kake. Haniiti Bolti tena. Na tukifika kwenye ule ubao wa getini, kabla hajapiga hatua, namshika mkono namwekea kalamu.

"Baba, saini kwanza."

Anasaini, huku ananung'unika.