Aliyemtafuta Mchoraji wa Kanisa Letu

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Litein nikaambiwa kwamba mwalimu mmoja mstaafu wa sanaa, rafiki wa miaka mingi, ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilihuzunika, lakini nilipokata simu nilijikuta nikitabasamu. Mama huyo ameondoka akiwa ameshinda, na mimi nilibahatika kuwapo siku aliposhinda.

Katika kanisa letu, nyuma ya madhabahu, kuna picha kubwa ya arusi ya Kana iliyochorwa ukutani. Wageni wa arusi hiyo ni wachuma chai. Wameweka vikapu vyao kando ya mitungi, na nyuma yao wingu la mvua limeshuka juu ya mashamba. Miaka michache iliyopita kamati iliamua kuifunika kwa rangi nyeupe. Mwalimu alisimama kikaoni akapinga. Mwenyekiti wetu, mzee mpole asiyependa ugomvi, alimjibu, "Mwalimu, hiyo picha imezeeka, na hakuna mtu anajua ni ya nani. Pengine ni mzungu alipita tu hapa. Tukipaka rangi, tutakuwa tumemkosea nani?" Mwalimu akasema, "Nipeni mpaka Krismasi. Nitawaambia ni nani."

Alianza kwenda maktaba mjini Kericho, na mara kadhaa niliandamana naye. Mwanzoni hakupata kitu, kwa maana alitafuta jina la kanisa letu, na kanisa dogo kama letu haliandikwi vitabuni. Mkutubi, dada mmoja mtulivu, alimkalisha chini. "Mwalimu, jina huna. Tafuta kwa kile uko nacho." Alichokuwa nacho ni picha yenyewe. Basi akasoma kuhusu michoro ya makanisani, akafuata marejeo yaliyotajwa mwishoni mwa kila kitabu, hadi akafikia kijitabu cha maonyesho ya wanafunzi wa sanaa wa zamani. Humo mlikuwa na mchoro wa wachuma chai, wenye shingo ndefu zilezile na vidole vilevile vipana, na chini yake jina la mwanamke. Mimi nilitaka turudi nyumbani tukatangaze. Alikataa. "Michoro kufanana si ushahidi. Wanafunzi huigana." Akaomba magazeti ya zamani, akayafunua kwa subira, na siku moja akaniita kwa kidole. Gazetini palikuwa na picha ya msichana juu ya ngazi, brashi mkononi, mbele ya ukuta wetu uliochorwa nusu. Jina lililoandikwa chini yake lilikuwa lilelile.

Baada ya kuuliza huku na huku tulimpata ng'ambo ya Kaplong, bibi anayefuga ng'ombe wa maziwa. Alikuja kanisani Jumapili moja kabla ya Krismasi, akasimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu. "Nilidhani mliifuta zamani," alisema. Mwenyekiti akavua kofia. "Mama, tulikuwa karibu." Ndipo bibi akatuonyesha, mmoja mmoja, majirani zake wa kambi ya wachuma chai alikolelewa. "Na huyu ameshika mtungi ni mama yangu." Kanisa zima likasimama likapiga makofi, na mwenyekiti akapiga kuliko wote. Mwalimu alikuwa ameketi kiti cha nyuma, akilia na kucheka kwa pamoja.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja tena rangi nyeupe. Watoto wetu wanajua kwamba picha ile ilichorwa na binti wa wachuma chai, na wanamtaja kwa jina lake. Nimejifunza kwa mwalimu kwamba tunaposema mtunzi wa kitu hajulikani, mara nyingi tunamaanisha kwamba hakuna aliyejisumbua kumtafuta. Maktaba ziko wazi, na wakutubi wanangoja kuulizwa. Aliye na swali na aende.