Mume Wangu Alivyolijaribu Godoro la Mama

Tulikuwa watano, nikimhesabu na mtoto. Mimi mwenyewe, mume wangu aliyekuwa dereva wa lori la mbao, mwanangu wa kwanza, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, mama yangu mzazi, aliyetoka Kitui kuja kunilelea, na jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke wa Kiislamu wa Mombasa, niliyemwita Mama Mkubwa ingawa hatukuwa ndugu. Majina yao ninayo yote, na ya babu zao pia. Siyaandiki, kwa sababu watu wa mtaa wetu ule wanapenda kusoma habari za wengine, si zao.

Kwetu Ukambani mama mkwe na mume wa binti yake wanaoneana haya. Hawapeani mikono, na kitanda cha mama mkwe, yule mkwe hata kukitazama hakitazami. Sasa niambie, katika nyumba ya kanjo, ya baraza la jiji, yenye vyumba viwili pale Jericho, haya hiyo utaiweka wapi? Mama alikataa kabisa kulala chini ya paa moja na mume wangu. Mama Mkubwa ndiye aliyetuokoa. Akampa chumba cha binti yake aliyeolewa, na kitanda, na godoro la sponji lililokuwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Siku hizo nailoni haikuvuliwa. Wageni wangejuaje godoro ni jipya?

Ilikuwa Februari, na mama alikuwa katika ule umri ambao mwanamke anawaka moto bila kuni. Asubuhi alitoka kanga imemganda mgongoni.

"Hilo godoro linanipika," akasema.

"Lakini mama, Kitui si kuna joto kuliko hapa?"

"Kitui nalala kitanda cha kamba, upepo unapita chini. Hapa ninachemka kama mahindi ya muthokoi."

Tukaivua nailoni. Haikusaidia kitu. Mama akasema Jumamosi ikifika kabla hajapata usingizi, atapanda basi arudi kwake. Sokoni nilikuwa na meza yangu ya vitunguu, mwenzangu akinishikia, na alikuwa ameshachoka kunishikia. Mama akiondoka, mtoto ningemwacha na nani? Meza ingekwenda.

Mama Mkubwa akasema, "Sponji inashika joto kama sufuria. Mtafutieni la sufi. Na msichukue lililoshindiliwa likawa gumu, sufi ikibanwa haipumui. Weka kiganja juu, kiache kidogo. Kikitoka na jasho, achana nalo."

Mume wangu akasema kazi hiyo ni yake, lori linapita soko la Gikomba kila siku.

Alhamisi jioni nikamwona anakuja na godoro kichwani, anatembea kama bwana harusi. Vijana waliokaa kwenye ngazi wakamwambia, "Mzee, leo umefukuzwa?"

"Anayefukuzwa hapewi godoro kama hili," akawajibu.

Mama aliposikia sauti yake akajificha nyuma ya mlango wa Mama Mkubwa, kama kawaida. Mume wangu akalitua godoro kwenye mkeka wangu, akaanza kusimulia.

"Mama Mkubwa, nimekusikiliza, lakini kiganja hakitoshi. Nani analalia kiganja? Mimi nimeyalalia yote, moja baada ya jingine. Hili nimelala mpaka nikakoroma, mwenye duka akaniamsha anataka kufunga. Nimeamka mkavu, mpaka kola."

Mama Mkubwa akacheka. Mimi sikucheka. Mume wangu akaniangalia usoni, kisha akauangalia ule mlango, na mkono ukampanda mdomoni wenyewe. Yeye alizaliwa mjini, Makongeni. Haya ya kuamkiana kwa mbali aliijua, lakini habari ya godoro la dukani hakuna aliyemfundisha.

Mama alilala kwenye mkeka. Ijumaa asubuhi akaketi nje na mtoto mapajani, akasema, "Kesho naenda," bila hasira, kama mtu anayesema kesho ni Jumamosi.

Mume wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, anavaa viatu vya kazi. Akapaza sauti. "Mama Mkubwa, mwambie mgeni wako, nilipolala lile godoro lilikuwa bado la mwenye duka. Nilikuwa sijalilipia. Kosa liko wapi?"

Mama akamtazama mtoto. "Mwambie baba yako, godoro halijui risiti. Linajua mgongo."

"Mwambie nilikuwa nimevaa koti."

"Mwambie baba yako, hata kama angevaa turubai."

Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi akasema, "Dada, kwetu mambo hayo hatuna, kwa hiyo nifundishe. Kilicholaliwa ni kipi, nguo ya godoro au sufi ya ndani?"

Mama akafikiri. Alifikiri mpaka mtoto akaanza kulia, nami sikuthubutu kumchukua.

"Nguo," akasema mwisho. "Sufi ikitolewa, ikachambuliwa, ikapigwa jua, ikashonewa nguo nyingine, hilo ni godoro jingine. Halijalaliwa na mtu."

"Basi kesho huendi. Kesho tunashona."

"Kesho tutaona," mama akasema. Na kikapu chake alikifunga vilevile, akakiweka mlangoni.

Jumamosi tukalipasua. Jamani, ile sufi. Kumbe ndani ilikuwa imeshikana mabonge mabonge, na mume wangu alivyoisifu. Tulichambua bonge moja moja kwa vidole, na kila tulichochambua kilipanda kama maziwa yanayochemka. Upepo ukaingia uani. Watoto wa jirani wakawa wazee wenye mvi, Mama Mkubwa akipiga chafya na kumshukuru Mungu kila mara, na kamba ya nguo za watu ikaota ndevu. Mume wangu tulimkataza kukaribia. Akasimama nje ya ukuta.

"Shindilieni vizuri," akasema.

"Mwambie baba yako ashindilie mbao zake," mama akamwambia mtoto.

Nguo mpya aliishona mama mwenyewe, kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na hakuruhusu mtu amshikie hata uzi. Mchana godoro likawa tayari, limejaa hewa, jepesi. Mama akaweka kiganja juu, akakiacha, akakigeuza akakitazama. Akasaidiwa kuliingiza ndani, akasema anajinyoosha kidogo tu kabla ya basi, akafunga mlango.

Saa ya basi ikaja. Nikasimama na mtoto mgongoni, nikitazama kile kikapu, sigongi mlango. Mume wangu alikuwa amevua viatu, anapita peku akiwanyamazisha watoto wa watu.

Mama alitoka jua likishuka. Kanga yake kavu.

"Basi limeondoka?"

"Limeondoka, mama."

"Lina haraka gani," akasema, akanipokea mtoto.

Jumatatu nilikuwa kwenye meza yangu ya vitunguu. Mama alikaa mpaka mtoto akatembea, na siku ya kuondoka alibeba godoro lake kwenye basi.

Wewe uliyekuwa pale ukasoma haya, ukiona nimekosea, niambie. Labda ile nguo mpya ilikuwa ya maua, mimi naiona ya mistari. Labda ilikuwa Machi. Hayo nitayarekebisha kwa moyo mweupe.