Mkate Nisioula Uholanzi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, asubuhi niliyoanguka na baiskeli kando ya mfereji huko Uholanzi, njaa ikiniuma, na mkate tele kwenye mfuko wa nyuma. Wengi hapa Gisenyi wanajua niliwahi kuzunguka nchi ile kwa baiskeli, peke yangu, na hupenda niwasimulie vinu vya upepo. Leo, kwa kuwa nawe unasafiri, nitakusimulia kwa nini nilikatiza safari ile. Simu iweke pembeni kwanza. Nikiongea na mtu anayechungulia simu napandwa na hasira, na hasira zangu unazijua.

Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini na mitano. Nilifanya kazi na wakulima wa viazi kule Mudende, na kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka Uholanzi miezi michache kusomea mbegu za viazi. Mama nilimwacha hapa mjini. Kila siku alivusha nyanya na vitunguu kwenda Goma, kupitia Petite Barrière, kile kizuizi cha mpaka wa Rwanda na Kongo, beseni kichwani. Alizaliwa Goma na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Changu kilinyooshwa na walimu wa Morogoro, nilikosoma, naye alikuwa akinicheka kwamba naongea kama redio.

Majuma machache kabla sijaondoka nilianza kutafuna mawe katika maharage yake. Hilo halikuwa jambo la kawaida, maana mama alikuwa mtu wa kuchambua maharage mpaka unamwonea huruma. Na nyumbani kwetu sote tulijua kwamba bibi, mama yake mama, alikufa kipofu. Nikamwuliza, "Mama, macho yanakusumbua?"

"Hapana," akasema. "Ni maharage ya siku hizi, iko mbaya."

Nikapanda ndege.

Masomo yalipoisha nilibakiwa na wiki mbili kabla ya siku ya kurudi. Wenzangu walipanda treni kwenda Paris kupiga picha. Mimi nikasema, nchi hii haina mlima hata mmoja, na mimi nimejifunza baiskeli kwenye vilima vya Rubavu hapa kwetu, nitaizunguka yote. Mwalimu mmoja akaniazima baiskeli ya mkewe, ndefu, nzito, isiyo na breki za mkononi. Ukitaka kusimama unakanyaga pedali kinyumenyume. Siku ya kwanza nilikaribia kuingia mferejini kwa ajili ya breki hizo. Kabla ya kuondoka nilimpigia mama nikamwuliza habari za macho.

"Iko salama," akasema. "We tembea, mama. Hiyo inchi utaiona tena lini?"

Basi nikatembea, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Nisikudanganye, ilikuwa safari nzuri. Kule baiskeli ina barabara yake, na kwenye njia panda wamesimika vibao vyenye namba. Asubuhi unapanga namba zako, unazifuata, hupotei. Nilianzia Wageningen, nikapita Utrecht, Gouda na Leiden. Daraja likiinuka kupisha mashua, watu wote wanashuka kwenye baiskeli na kungoja, mwenye suti na mwenye jembe, na hakuna anayepiga kelele. Ng'ombe wao ni wale wale wa madoa meusi na meupe tunaowafuga Mudende, isipokuwa wao wanachungwa mahali tambarare kama meza. Vilima havipo, kweli, ila kuna upepo. Upepo wa kule ukikukabili unakanyaga mpaka magoti yanalia na mti ulio mbele yako hausogei.

Shida yangu ilikuwa chakula. Wewe umezaliwa juzi, huenda hujalelewa hivyo, lakini sisi tulikatazwa kabisa kula njiani. Mtu mzima anayetafuna barabarani, tena mwanamke, watu waliuliza ni wa nyumba gani. Kule nilimwona kijana anaendesha bila kushika usukani, mkono mmoja umeshika mkate na wa pili anajipangusa siagi. Nikageuza uso kwa niaba ya mama yake. Mkate niliokuwa nikinunua njiani ulikaa mfukoni. Kuingia hotelini na kukaa peke yangu mezani, mwanamke mgeni, watu wananitazama, nako sikuweza.

Usiku nililala kwa wazee wanaopokea wasafiri wa baiskeli majumbani mwao. Jioni mwenyeji ananiuliza, "Unataka kula?" Nami najibu nilivyofunzwa, "Asante, nimeshiba." Hapa kwetu hayo ni maneno ya kuanzia tu. Mwenye nyumba atasema hata kidogo, utasema hapana, atasema basi onja tu, na mwishowe utaondoka umekula kuliko watoto wa nyumba hiyo. Kule wakisikia umeshiba wanafunika sufuria. Sahani haitajwi tena. Nilikaa kwenye kiti nikisikia harufu ya viazi, viazi ambavyo pengine mbegu yake naijua kwa jina, nikingoja swali la pili. Halikuja. Asubuhi nilichukua kipande kimoja cha mkate, kwa adabu, nikaacha jibini na mayai kana kwamba ni vya watu wengine.

Kufika Haarlem nilikuwa hoi. Niliingia makumbusho ya picha za kale, na chumba cha kwanza tu nikakutana na vyakula. Wale wachoraji wa zamani walichora mkate uliokatwa, nyama ya paja, samaki, limau limemenywa ganda linaning'inia. Nilisimama pale mbele ya mkate mmoja mpaka miguu ikafa ganzi. Mlinzi alinisogelea akaniuliza kwa heshima kama nasomea uchoraji. Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Siku iliyofuata niliendesha kwenda kaskazini, na jioni nikalala kwa mama mmoja mjane, mfugaji wa kondoo, jina lake Riet. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniuliza kama nina njaa, nikasema nimeshiba. Akaniruhusu kutumia simu ya sebuleni, nikaongea na mama dakika chache, akasema yuko salama. Nikamweleza Riet kwamba nilikuwa na wasiwasi na macho ya mama, kwa sababu bibi alipofuka, ila ameniambia ni mazima. Akaitikia kwa kichwa akasema vizuri.

Asubuhi nilikunywa chai, nikaaga, nikapanda baiskeli. Sikufika mbali. Nyumba yake ilikuwa bado inaonekana nyuma yangu pale macho yalipoingia giza, mikono ikalegea, nikajikuta nimelala kwenye majani kando ya mfereji, kondoo wananishangaa. Riet aliniona kutoka bustanini. Alikuja mbio na buti zake za mpira, akaniinua, akanirudisha nyumbani, kisha akafungua mfuko wangu kutafuta dawa, maana alidhani naumwa. Akatoa mkate. Akatoa mwingine. Wa chini ulikuwa umekauka kama kigae.

"Huu wote kwa nini hujaula?" akauliza.

Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Hakucheka, alikasirika, tena waziwazi, uso ukawa mwekundu.

"Nilikuuliza kama una njaa," akasema. "Ukasema umeshiba, nikakuamini. Kwa hiyo mimi nimelala nimekula, na mgeni wangu kalala na njaa chumba cha juu. Umenifanya mwenyeji mbaya ndani ya nyumba yangu, wala hukunipa nafasi ya kufanya vingine."

"Kwetu mtu anaulizwa tena," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Mpaka akubali."

Akanipakulia supu ya njegere, nzito, kijiko kinasimama. Nilikula, mwanangu. Nilikula bila kuombwa mara ya pili, na machozi yalinitoka kwa ule utamu. Yeye alikaa mbele yangu, mikono amefumbata, kama mtu anayepanga maneno.

"Jana uliongea na mama yako," akasema. "Alikwambia macho yake ni mazima. Yeye ulimwuliza mara ngapi?"

Yaani mimi niliyekuwa nikizunguka nchi ya watu nikiwa na njaa, nikinung'unika moyoni kwamba hawajui kuuliza, kila nilipomwuliza mama yangu mzazi nilimwuliza mara moja tu, nikashika njia. Na yeye ndiye aliyenifundisha kusema nimeshiba.

Riet alisogeza simu karibu na bakuli, nikapiga nyumbani.

"Mama, macho yako yakoje?"

"Si nilikuambia jana? Iko salama."

"Nakuuliza tena, mama."

"Bon, inasumbua kidogo. Ni vumbi ya pale barrière."

"Nakuuliza mara ya tatu, na sikati simu."

Nilisikia majirani wakiongea Kinyarwanda uani, na mtu anamwaga maji.

"Ya kuume imeshazimika," akasema. "Haione kitu. Hii ingine, mutu anapaswa kunikaribia kabisa ndiyo namujua. Sasa nafika barrière nikishika kitenge ya mwenzangu, anatembea mbele, mi nafuata. Sikupenda uache kutembea sababu yangu."

Nililia pale mezani mbele ya mama wa watu, sikuona aibu. Siku ile ile nilibadilisha tiketi. Riet aliendesha baiskeli yake pamoja nami hadi stesheni, upepo ukitupiga usoni njia nzima. Alinisaidia kuipandisha baiskeli kwenye treni, akanipa mkate mpya, akasimama palepale hadi nilipouma. Niliuma, treni nzima inaniona.

Nilimpeleka mama kwa daktari wa macho siku ya pili baada ya kufika. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa usio na maumivu, unaokula mwanga taratibu kutoka pembeni. Kwa jicho la kulia hapakuwa na la kufanya tena. La kushoto lilikuwa linakwenda njia ile ile, lakini kulikuwa na kitu kimebaki cha kuokoa, akampa dawa ya matone ya kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Akaniambia kwamba wengi wanaoficha huletwa kwake wakiwa tayari gizani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, kwa njia ya ziwani kwa sababu ni tambarare. Nilikuwa nimemshika mkono. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kweli tangu mwanzo, wakati ule niliomwuliza kabla ya kusafiri, jicho la kulia likiwa pengine bado lina uhai.

"Siku ile uliniuliza mara moja," mama akasema. "Nikangoja uulize tena. Haukuuliza."

Hakuwa ananilaumu. Alisema hivyo kwa sauti ile ile ambayo angekutajia bei ya nyanya. Iliniuma, na mpaka sasa inaniuma, ingawa jicho la kushoto lilimtumikia hadi siku aliyofariki, na uso wa mjukuu wake wa kwanza aliuona.

Sasa sikia. Sisemi adabu yetu ni mbaya. Mimi mpaka leo sili barabarani, na ukinikaribisha kwako nitasema nimeshiba, ujue la kufanya. Lakini adabu hii ina watu wawili. Anayekataa anategemea kwamba yupo wa kumuuliza tena. Nyinyi vijana mmechukua nusu yake tu. Mnapiga simu kutoka Kigali, kutoka Ubelgiji, sijui wapi, "Mko salama?" "Tuko salama," mnakata, mnaona mmetimiza. Mzee wako akisema yuko salama, hapo bado hajakujibu. Uliza tena. Uliza habari ya usingizi wake, ya macho, ya magoti, nani anamchotea maji. Ukikaa kimya kidogo, atasema.

Na wewe mwenyewe ukifika kwa watu wanaouliza mara moja, wajibu kweli mara hiyo hiyo. Ukisema umeshiba na tumbo ni tupu, unamnyima mwenzako nafasi ya kukufanyia wema, na huko si kujiheshimu.

Mungu akutangulie huko uendako, mwanangu. Akujalie watu watakaokuuliza mara ya pili, na akupe kinywa cha kuwaambia ukweli. Haya, niambie sasa, wewe hujambo? Nasema tena: wewe hujambo kweli?