Juisi Niliyokunywa Siku ya Kulipa Saumu

Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Najua kwa sababu ilikuwepo saa kubwa ukutani, juu ya mashine za kusagia matunda, na tangu nilipoingia macho yangu yalikuwa hapo. Nilikuwa nahesabu zimebaki saa ngapi mpaka magharibi. Zilibaki tatu na nusu. Hiyo saa tisa na dakika kumi nikanywa juisi, na nilikuwa nimefunga.

Naandika ilivyokuwa. Nikianza kuipamba nitajidanganya mwenyewe.

Ramadhani iliyopita nilikula siku saba. Wasichana wa Kiislamu wanajua kwa nini, na asiyejua akamuulize mama yake. Siku hizo unatakiwa uzilipe kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Mie mwaka mzima nilikuwa nasema wiki ijayo, wiki ijayo, mara mitihani, mara joto, nikalipa moja moja kwa kujivuta mpaka Shaabani ikawa inaisha na bado nadaiwa moja. Jumamosi ilikuwa tarehe ishirini na nane ya Shaabani. Jumapili jioni mwezi ungeweza kuandama. Na Jumapili hiyohiyo nyumbani tulipanga kuvunja jungu, ile siku ya kula mpaka mtu ujute, kabla ya mfungo. Mjomba anatoka Kigamboni na nyama, nyumba inajaa. Nani anafunga siku ya kuvunja jungu? Kwa hiyo nikachagua Jumamosi.

Mama peke yake ndiye aliyejua. Aliniamsha kula daku huku ameweka kidole mdomoni, nisije nikagonga sahani baba na kaka zangu wakauliza. Kwetu ndivyo tunavyofanyaga. Mtoto wa kike anayelipa anafunga kama anaiba.

Sasa ishu ya juisi. Mwenzangu tunayekaa naye dawati moja, wazazi wake ni watu wa Mtwara, Wakristo, na dada yake kafungua duka la juisi huku kwetu Kinondoni. Siyo juisi kama za sokoni. Hapo hawaweki sukari, hawaweki maziwa ya ng'ombe, hata asali hawaweki, eti nyuki naye ni mnyama. Kila kitu ni cha mmea. Tangu Jumatano mwenzangu alikuwa ananiambia, "Jumamosi njoo, dada anataka wateja wa kuonja, anawapiga video." Nikasema sawa. Mie kusema hapana siwezi, nasemaga sawa halafu naanza kutafuta njia ya kukwepa. Siku ilipofika njia sikuiona, nikaenda. Nilijiambia nitakaa tu pembeni.

Duka lenyewe ni chumba kimoja, lakini limepakwa rangi nyeupe mpaka unaogopa kugusa ukuta. Juisi wanatia kwenye chupa za jamu, zile ambazo kwetu tunawekea pilipili ya kusaga. Ubao umeandikwa kwa chaki: mchicha, tango na limao, bitiruti na tangawizi, embe kwa maziwa ya korosho. Nikasoma ubao wote mara mbili kama naufanyia mtihani. Sikujua wateja wanasimama wapi, wanaagiza kwanza au wanakaa kwanza.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, amevaa nguo za mazoezi na taulo shingoni. Yeye alijua kila kitu.

"Nipe ile ya kijani, mdogo wangu. Leo siku ya tatu hii, sijatia chakula mdomoni. Juisi tu, asubuhi mpaka usiku."

"Ee, dada, hongera!" mwenye duka akasema. "Unaona hata ngozi inavyong'aa?"

"Njaa naisikia, nisikudanganye. Jana nimeota ugali."

Watu wakacheka. Mie nikabaki namwangalia. Mtu anajinyima chakula, anatangaza mbele ya duka zima, anapewa hongera, na mkononi ana chupa anakunywa. Mie nimejinyima hata maji na sipaswi kujulikana. Nikajaribu kupanga kichwani nani kati yetu amefunga kweli, nikashindwa hata kujua kwa nini nahisi kama yeye ndiye amenizidi.

Hapo ndipo mwenye duka akageuka. "Ndiyo huyu rafiki yako? Karibu, mrembo. Simama hapa, kwenye mwanga." Akanishika bega, akanisogeza kama anavyosogeza kiti. Akaniwekea chupa ya kijani mkononi. Mwenzangu alishika simu, ameielekeza usoni kwangu. "Unakunywa kidogo, halafu unasema ulivyoisikia. Kawaida tu, usiigize."

Neno lilikuwa moja tu: nimefunga. Lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini nikawaza, nikisema nimefunga watauliza mbona Ramadhani bado, na mle ndani kulikuwa na wanaume wawili na kompyuta zao, na simu inarekodi. Jibu lake linahusu mwili wangu, na duka zima lingejua ilikuwaje. Baadaye, njiani, ndipo nikakumbuka kwamba Shaabani watu wengi wanafunga sunna, ningesema sunna tu yakaisha. Akili yangu ndivyo ilivyo. Inakuja watu wameshaondoka.

Nikanywa.

Nisiseme niliionja kwa ncha ya ulimi. Nilikunywa mafunda matatu. Ilikuwa ya baridi na kali kidogo kwa limao, ikaniteremka kifuani mpaka nikaisikia inapopita. Na kitu kibaya kuliko vyote, niliisikia tamu. Watu wote wanasema ile juisi ina ladha ya majani. Mie nilikuwa sijanywa kitu tangu alfajiri.

"Haya, sema!" mwenzangu akasema nyuma ya simu.

"Tamu," nikasema.

"Tamu tu?"

"Tamu sana."

Wakapiga makofi. Dakika hiyohiyo akaingia dereva wa bodaboda, amebeba kiroba cha matango aliyotumwa sokoni. Mwenye duka akamnyooshea chupa. "Kaka, na wewe onja, uwe mteja wetu."

Jamaa akaichungulia. "Huu si mchicha kabla haujaungwa?" Watu wakacheka tena. Halafu akasema, hata sauti hakupunguza, "Nimefunga, sista. Siku nyingine, Mungu akijalia."

"Oo, samahani kaka. Funga njema." Akairudisha chupa mezani. Basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Jamaa akashusha kiroba, akaenda zake.

Nilisimama pale na chupa yangu mkononi. Lile neno kwake lilikuwa jepesi, kama mtu anasema ameshiba. Kwangu lilikuwa na uzito gani? Bado silijui jibu. Nimelitafuta sana.

Mwenzangu nilimwambia nje, kwenye kona ya barabara. Alishtuka kweli, akaniziba mdomo kana kwamba juisi inaweza kurudi.

"Kwa nini hukusema, wewe?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Mbona ni juisi tu, siyo chakula. Hata yule mama amesema hajala."

"Kwetu hata maji hayaruhusiwi."

"Basi si ulilazimishwa? Mungu anaona ulilazimishwa."

Nikaishika hiyo kauli, nikatembea nayo hadi nyumbani. Nililazimishwa. Nilishikwa bega. Madrasa tulifundishwa kwamba aliyekula kwa kusahau funga yake ipo, na aliyelazimishwa naye ana udhuru. Nikajaribu na kusahau, labda nilisahau. Lakini nilikuwa naangalia saa. Anayesahau haangalii saa.

Saa kumi na mbili kasorobo simu ya mama ikalia mezani. Mie sina simu, watu wananitumia ujumbe kwake. Mama alikuwa jikoni, nikaichukua. Mwenzangu ametuma ile video, na chini ameandika umependeza. Nikaifungua bila sauti. Nikajiona. Nilitegemea kumwona mtu anayeonewa, macho yamemtoka. Nikamwona msichana anapokea chupa kwa mikono miwili, anatabasamu, anakunywa, anajifuta mdomo na kutabasamu tena. Hakuna mkono wa mtu begani. Dada mwenye duka alikuwa ameshautoa zamani. Nikairudia mara nne nikitafuta mahali nilipolazimishwa. Sikupaona. Nikaifuta, halafu nikaogopa zaidi kwa kuifuta.

Adhana ya magharibi ilipolia, mama aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. Alikuwa amenitengea mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga na tende tatu kwenye kisahani.

"Haya mwanangu, ya mwisho hiyo. Umemaliza. Kesho utakula mpaka nikukataze."

Alifurahi kuliko mie. Nikachukua tende. Ningesema pale, tulikuwa wawili, mlango umefungwa, hakuna mwanaume wala kamera. Na sikusema! Kwa hiyo haikuwa wanaume wala kamera. Basi ni nini? Nilitafuna ile tende, mama ananiangalia kwa huruma, na nikafuturu funga ambayo sikuwa nayo. Mihogo nikala kidogo, nikasema nimeshiba. Mama akasema njaa ikizidi tumbo linasinyaa.

Nilipolala nilijiuliza kesho nifanyeje. Nikila, mwezi unaandama, Ramadhani inaingia na deni langu la mwaka jana liko palepale, na ninajua mie peke yangu. Nikifunga, itabidi niseme mbele ya sufuria la pilau, mbele ya mjomba ambaye hana siri wala sauti ya chini. Sikuamua kitu. Nilisinzia katikati ya mawazo.

Asubuhi yake niliamka kabla ya adhana, bila kuamshwa. Nikala ile mihogo iliyobaki, ya baridi, nimesimama jikoni, nikanywa vikombe viwili vya maji na kutia nia. Halafu nikafagia uwanja.

Mjomba alifika saa mbili na nusu na mguu wa mbuzi kwenye mfuko, anaongea tangu getini. Mama akaleta chai na vitumbua kwenye mkeka. Baba yupo, kaka zangu wawili wapo. Mjomba akanimiminia kikombe, akakisukuma kwangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kunywa, upate nguvu za kukuna nazi."

"Nimefunga."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Kaka yangu mkubwa akacheka. "Leo? Siku ya kuvunja jungu? Umechanganyikiwa wewe."

Mama alikuwa ameinama na birika. Akaniangalia. "Si ulimaliza jana?"

"Jana nilikunywa juisi mchana, mama. Sikusahau. Sikulazimishwa. Leo nailipa."

Nilisema kulipa mbele ya baba, na kila aliyekaa pale akajua nalipa nini. Masikio yaliniwaka. Baba akainua kitumbua akakichunguza kama kina maandishi. Kaka akaacha kucheka, akajifanya anatafuta chaja. Mama akamjazia baba chai, na mpaka sasa sijui kama alikasirika kwa juisi, kwa tende au kwa kusema hadharani.

Mjomba akanigeukia. "Sasa nyama yako anakula nani?"

"Niwekeeni mpaka magharibi."

"Magharibi! Na hawa fisi wawili hapa? Dada, mfichie mtoto nyama yake, mie simo." Akavuta kile kikombe alichonimiminia, akakinywa yeye.

Nikainuka, nikaenda kuchukua mbuzi ya kukunia na nazi nne, nikakaa kivulini nyuma ya jiko. Mama akaja baada ya muda na nazi ya tano. Akaiweka karibu na mguu wangu, akasimama kidogo, halafu akarudi kwenye moto. Nikakuna zote tano.