Vigelegele Vilivyonunua Frigo

Ni mimi niliyepiga vigelegele siku ile. Mwaka mzima nimekana. Niliapa kanisani kwamba nyigu aliniuma shingoni nikapiga kelele. Jamani, hapakuwa na nyigu! Palikuwa na mama mjinga mwenye shahada, aliyelewa sifa za mwanawe.

Hapa Kalemie, kwa zaidi ya miaka ishirini, mimi huzisemea familia kwenye vikao vya mahari. Siku za kazi nafundisha falsafa shuleni. Jumamosi nabishana juu ya mbuzi. Falsafa haijanipa hata nusu ya heshima niliyopewa na mbuzi.

Binti yangu Furaha alikua akinibebea mkoba kwenye vikao hivyo. Alipoanza kuitwa kusema mwenyewe, niliringa mpaka aibu! Sokoni, muuza dagaa hajaniuliza kitu, namwambia: "Ulisikia mutoto yangu juzi? Aliacha wababa watano kinywa wazi!"

"Mama, nikupimie ngapi?"

Basi rafiki yangu Mama Aline, tuliyeimba naye kwaya bega kwa bega, akaniomba nimsemee mwanawe Trésor, aliyetaka kuoa. Familia ya msichana wakamchukua Furaha awasemee. Watu wakanionya: jitoe! Nikawajibu kwamba mtu aliyesoma anajua kutenganisha nyumbani na kazini.

Loo, kusoma!

Kikao kilikwenda vizuri. Mbuzi, gunia la chumvi, suti ya baba, vyote tukaelewana. Kisha Furaha akasimama: bibi yake msichana anataka frigo, jokofu la umeme.

Bibi anaishi Niemba. Nyumba yake haijawahi kuona waya wa umeme, hata kwa mbali.

Nikajua nimeshinda. Nikauliza polepole, ili wote wafaidi: "Msemaji mwenzangu, hiyo frigo itakula umeme ya wapi?"

Furaha hakucheka. "Mama msemaji, mulikuja kuomba mutoto yetu. Tulienda kuona nyumba ya Trésor, haina paa. Tuliwafukuza? Mulisema paa itakuja, tukaamini. Sasa sisi tunasema umeme itakuja. Na nyinyi muamini!"

Mungu wangu! Hoja ilikuwa imepigwa pasi. Mimi mwenyewe, hata katika siku zangu njema, nisingeifikia. Mdomo ukafunguka bila ruhusa yangu, na vigelegele vikatoka. Virefu!

Na kila mtu kwetu anajua: msemaji wa mvulana akipiga vigelegele, upande wake umekubali. Mashangazi wa msichana waliruka kucheza. Mama Aline akanivuta kitambaa.

"We, uko upande gani?"

"Nyigu," nikasema.

"Nyigu ndiyo inapiga vigelegele?"

Trésor aliuza pikipiki yake. Harusi ikasogezwa mbele, mvua zikapita, paa likasubiri. Frigo ilifika Niemba juu ya baiskeli, watu watatu wakiisukuma. Bibi anawekea mahindi ndani yake. Naambiwa panya wamekata tamaa. Mama Aline naye amehama sauti ya kwanza kwenda ya tatu, asisimame karibu nami. Sauti ya tatu haimfai hata kidogo. Anaumia koo kila Jumapili, kwa ajili yangu!

Wazazi wenzangu, mtoto akiwapita, furahini! Lakini furahini nyumbani, mlango umefungwa, mto mdomoni. Msifurahie kwenye harusi ya mtoto wa mwenzenu.

Bado nilijidanganya kwamba mji huu hauna msemaji kama mimi. Juma lililopita simu ikalia, kutoka Kabalo.

"Mama, shikamoo. Sisi ni upande wa binti. Tumechukua Furaha atusemee."

"Mumechagua vizuri," nikasema, kifua kikijaa tena.

"Aksanti. Sasa wale wa upande wa kijana wanatafuta msemaji. Tumewapatia namba yako."

"Nyinyi? Na mulinisifia?"

"Sana, Mama! Tuliwaambia hakuna mwingine. Tafazali, usikatae. Hata nauli yako, tutalipa sisi."