Jembe chini ya mkorosho wa mwenzio

Mama Kasiani wa Chiungutwa alikuwa amechoka, uchovu ule ambao ukilala nao unaamka nao. Mwanawe Kasiani alitaka kuikata mikorosho yote ya shamba la marehemu baba yake, achome mkaa, halafu apande ufuta. Miti imezeeka, alisema, ugonjwa wa ubwiriunga unaunguza maua kila mwaka na dawa hazisaidii kitu. Mama akang'ang'ana: zinasaidia. Ikabidi aitwe Glory, bibi shamba, awaamue.

Glory akaigawa miti makundi matatu. La kwanza likapulizwa salfa ya unga, la pili dawa ya maji, la tatu likaachwa hivyo hivyo. Korosho za kila mti ziliokotwa kwenye kapu lake na kupimwa peke yake. Kazi gani hiyo, jamani! Mama Kasiani aliinama mpaka kiuno kikakataa kunyooka.

Msimu ulipokwisha, wastani wa kundi la salfa ukawa juu. Mama akapiga kigelegele, mwenyewe.

"Bado, bibi," Glory akasema, anakokotoa kwenye simu. "Wastani peke yake haunitoshi. Tazama hapa kwenye salfa: mti huu umezaa mno, jirani yake karibu hauna kitu, na dawa ni ile ile. Miti ya kundi moja inapishana yenyewe kwa yenyewe kuliko makundi yanavyopishana. Siwezi kuapa kwamba ni dawa."

"Si nilisema!" Kasiani akadakia.

"Na wewe hukushinda, kaka. Sijasema dawa haifai. Nimesema haijajulikana. Lakini bibi, mbona miti ya shamba moja iachane hivi?"

Mama akamweleza, kama anayemweleza mgeni njia ya kisimani. Katika ukoo wao kila mtoto akizaliwa hupewa mkorosho wake, na hakuna anayetia jembe chini ya mti wa mwenzie. Ni kama kumnyang'anya. Chini ya mti wa mjukuu wake Rose pamefagiwa kama uani. Mjukuu mwingine, Erasto, yuko Dar, kwake nyasi zinafika magotini, korosho zikidondoka humo ndiyo basi tena.

"Kumbe tulikuwa tunapima majembe, si dawa," Glory akasema. "Turudie. Palizi iwe sawa miti yote."

Kasiani akacheka. "Haya, msimu mmoja tu, mama. Ila mgongo wangu haumo."

"Nani kakuomba mgongo? Kaa nao."

Asubuhi yake Mama akaenda na jembe mpaka kwenye mti wa Erasto. Akasimama. Tangu azaliwe hajawahi kulima chini ya mti wa mtu.

"Erasto, mjukuu wangu," akasema kwa sauti, "sikunyang'anyi. Nakulimia tu."

Akasubiri kidogo, kama vile atajibiwa. Kisha akainama, taratibu, akaanza na nyasi za shinani.