Vioo Vinne, Kompyuta Moja

Nilifundisha uhazili Njombe, katika chuo kidogo cha wasichana, miaka ile mashirika yalipokuwa yanabinafsishwa na kila mwajiri mpya akitaka karani anayejua kompyuta. Sisi tulikuwa na taipureta zilizochakaa na kompyuta moja tu ya msaada. Wanafunzi waliipangia foleni. Aliyefikiwa na zamu alikaa kidogo, vidole bado vimekufa ganzi kwa baridi, mara akaambiwa ampishe mwenzake. Mkuu wa chuo, mama mpole aliyependa utaratibu, alinishauri wengine niwachoree kibodi kwenye karatasi wafanyie mazoezi. Nilikataa. Wazazi wao walikuwa wameuza viazi na majani ya chai ili wasome, si ili wagongegonge karatasi.

Siku moja nilikwenda Makambako kununua wino wa printa. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu aliyehamia kutoka Tanga, muuzaji wa vifaa vya ofisi vya mtumba. Nyuma ya kaunta yake kulikuwa na rundo la vioo vya kompyuta. Nikamweleza shida yangu.

"Mwalimu, wewe huhitaji kompyuta nne," akasema. "Unahitaji vioo vinne na kibodi nne. Ipo programu ya kuigawa kompyuta moja, kila mtu akafanya kazi yake."

"Mzee wangu, unanitania."

"Nitakuja mwenyewe uone."

Akaja kweli, na vioo vyake ndani ya magunia, amevaa kanzu na juu yake makoti mawili, analalamikia baridi yetu. Alifungua kompyuta, akapachika vipande ndani, akaunganisha waya. Nikawakalisha wasichana wanne. Loo! Kibodi zote ziliandika kwenye kioo kimoja. Barua ya mmoja iliingiliwa na anwani ya mwingine, darasa zima likacheka. Mkuu wa chuo alinitazama, nami nikaona aibu. Lakini mzee hakutetereka. Alitoka kuswali adhuhuri, akarudi, akabadilisha mipangilio moja baada ya nyingine. Kabla ya alasiri kila kioo kilikuwa na mtu wake na kazi yake, na kisanduku kimoja chini ya meza kilikuwa kinawahudumia wote.

Mkuu wa chuo alizunguka nyuma ya viti, akasoma kioo kimoja baada ya kingine. "Kumbe inawezekana," akasema, kisha akaenda kuwaita walimu wengine waje waone.

Kushirikiana nako kulitaka kujifunza. Mmoja akizima, wote wamezimika. Mmoja akifungua picha kubwa, herufi za wenzake zinachelewa kutokea. Haukupita muda wasichana wakawa wanaulizana wenyewe, "Nani kafungua picha? Funga kwanza, namalizia aya."

Mwaka uliofuata akaja ofisa wa kiwanda cha chai, anatafuta karani. Aliwapima wanne kwa pamoja. Watatu aliwapa barua za kuchapa, wa nne akampa jedwali lenye nembo ya kiwanda. Huyo wa nne alikuwa binti wa Lupembe, mtoto wa wakulima wa chai, na kazi ile aliitamani kuliko wote kwa kuwa ingemrudisha karibu na nyumbani.

Katikati ya mtihani kompyuta ikawa nzito. Niliona wenzake wanabonyeza na kusubiri, jasho linawatoka. Nilikuwa nimekatazwa kusema. Yule binti akawatazama wenzake, akahifadhi kazi yake, akaifunga nembo na jedwali lake, akaweka mikono mapajani.

"Mbona umeacha?" ofisa akamuuliza.

"Kompyuta ni moja, baba. Kazi yangu inawachelewesha wenzangu. Wakimaliza nitaendelea."

"Na muda ukiisha?"

"Basi utakuwa umeisha."

Nilitoka nje, nikajifanya naangalia kama mvua inakuja. Sikutaka wanione nimelengwa na machozi.

Muda uliisha akiwa bado na mistari michache. Ofisa alimchukua aliyechapa haraka kuliko wote, na ilikuwa haki yake. Binti wa Lupembe alimkumbatia mwenzake, kisha akaomba aruhusiwe kumalizia jedwali. Ofisa alisimama na mkoba wake mkononi, akamngoja mpaka mstari wa mwisho, akaondoka na jedwali lililotoka kwenye printa.

Chai ilipoanza kuvunwa kwa wingi, kiwanda kikahitaji karani wa pili. Ofisa hakuja kupima tena. Alituma dereva wa lori la majani ya chai aje kumchukua binti wa Lupembe. Binti alipanda kiti cha mbele na sanduku lake, na darasa zima likatoka mpaka barabarani kumpungia mkono. Mkuu wa chuo alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele.